India na Nepal: mpaka uko wazi, mbona lori limekwama?

Kwenye daraja linalounganisha mji wa Raxaul nchini India na Birgunj nchini Nepal, mtu anaweza kuona mambo mawili kwa wakati mmoja akabaki ameduwaa. Mama anavuka na baiskeli, kapu limefungwa nyuma, na hakuna anayemdai pasipoti. Hatua chache pembeni yake kuna lori la nondo, dereva amejilaza kwenye kivuli cha tela akisubiri karatasi. Mpaka ni ule ule.

Ndiyo maana kila Delhi na Kathmandu zinapokwaruzana, maelezo mitandaoni hugongana. Mmoja atasema Nepal ni kama jimbo la India lenye bendera yake. Mwingine atasema India imefunga mpaka. Wa tatu atauliza kwa nini Wanepali wasihamishie biashara yao China, karaha ikaisha. Kila kauli ina chembe ya ukweli, na kila moja inapotosha, kwa sababu inauchukulia mpaka huo kama mlango mmoja. Ukweli ni kwamba ni milango minne kwenye ukuta mmoja: wa watu, wa bidhaa, wa fedha na wa ramani. Kila mlango una makubaliano yake na ufunguo wake. Mmoja unaweza kuwa wazi kabisa huku mwingine umetiwa komeo.

Kiwanja cha nyuma

Tuanze na jiografia, maana ndiyo mama wa mengine yote. Nepal imezungukwa na India pande tatu: kusini, mashariki na magharibi. Kaskazini kuna milima ya Himalaya, na ng'ambo yake ni Tibet, yaani China. Bahari haipo. Bandari iliyozoeleka ni Kolkata, nchini India, na reli kutoka hapo hadi Birgunj ni kama kilomita 700.

Fikiria umenunua kiwanja cha nyuma kisichogusa barabara. Mbele yako kuna nyumba ya jirani, nyuma yako kuna jabali. Sheria inakupa haki ya kupita, lakini geti ni la jirani, na utaratibu wa kupita lazima mkubaliane. Ndivyo ulivyoandikwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982: kifungu cha 125 kinaipa nchi isiyo na bahari haki ya kuifikia kupitia kwa jirani, kisha kinasema masharti yapangwe na nchi husika zenyewe. Msomaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura hahitaji kuelezwa sana. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipovuruga njia ya Mombasa, petroli iliadimika Uganda na Rwanda, nchi ambazo hazikuwa na ugomvi wowote na Kenya.

Mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine bila kuuzwa njiani huitwa mzigo wa transiti. Haulipiwi ushuru wa forodha katika nchi unayopita. Hiyo ni tofauti kabisa na biashara ya kawaida kati ya nchi mbili. Mfanyabiashara wa Kathmandu anayeagiza matairi kutoka Thailand kupitia Kolkata yuko kwenye transiti. Anayeagiza pikipiki iliyoundwa India yuko kwenye biashara. Malori yao yanaweza kufuatana kwenye foleni moja, lakini yanaongozwa na mikataba miwili. Shika tofauti hiyo, maana nchi hizi ziliwahi kugombana kwa zaidi ya mwaka mzima kwa ajili yake.

Na kabla ya kuendelea, tuliondoe la jimbo. Nepal haikuwahi kuwa koloni la Waingereza, seuze jimbo la India. Ilipigana na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kuanzia 1814 hadi 1816, ikashindwa, ikapoteza ardhi kwa Mkataba wa Sugauli, lakini ikabaki na mfalme wake na serikali yake. India yenyewe ilipata uhuru 1947. Kwa hiyo anayeiona Nepal kama kipande kilichomeguka kutoka India ameigeuza historia juu chini.

Mlango wa watu: wazi, na una lawama pande zote mbili

Mpaka huu una urefu wa takriban kilomita 1,750, na sehemu kubwa yake haina ukuta wala uzio. Kuna nguzo za mawe, na kwenye maeneo mengi kuna ukanda mwembamba wa ardhi isiyo ya mtu, unaoitwa dasgaja, yaani yadi kumi. Watu hupitisha ng'ombe hapo, wengine huulima, na mara kwa mara nguzo hupotea ndani ya shamba au chini ya mto uliohama njia. Migogoro mingi midogo ya mpaka huanzia hapo, kwa jembe, kabla ya mwanadiplomasia yeyote kupata habari.

Raia wa Nepal na wa India huvuka kwa nchi kavu bila viza wala pasipoti. Watu wa uwanda wa Terai, kusini mwa Nepal, huzungumza Kimaithili na Kibhojpuri kama majirani zao wa jimbo la Bihar, na huoana nao. Wenyewe huuita uhusiano huo roti-beti, mkate na binti: tunakula pamoja na tunaozana.

Msingi wa kisheria ni Mkataba wa Amani na Urafiki wa tarehe 31 Julai 1950. Una vifungu kumi tu. Kifungu cha 7 kinasema raia wa kila nchi wapewe, katika nchi ya mwenzake, haki zinazolingana za kuishi, kumiliki mali, kufanya biashara na kutembea. Kifungu cha 10 kinaruhusu upande wowote kuuvunja kwa kutoa taarifa ya mwaka mmoja.

Wanepali wengi huuona mkataba huo kuwa wa kudhalilisha. Upande wao ulitia saini waziri mkuu, Mohan Shumsher wa ukoo wa Rana. Upande wa India alitia saini balozi. Utawala wa ukoo huo ulianguka miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1951. Barua zilizoambatana na mkataba zinataka nchi hizi zishauriane kuhusu tishio la nje, na zinagusa pia ununuzi wa silaha, jambo ambalo Kathmandu huliona kama mkono wa jirani ndani ya mfuko wake. India nayo ina hoja yake: Wanepali kwa mamilioni huishi na kufanya kazi India kwa uhuru, ilhali Mhindi akitaka kununua ardhi Nepal hukuta sheria imemzuia. Binafsi naona hoja zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu mkataba hauguswi. Jopo la wataalamu la pande zote mbili liliundwa 2016, likamaliza ripoti yake 2018 likipendekeza mabadiliko, na ripoti ikabaki bila kupokelewa rasmi. Kila upande unalalamika, na kila upande unajua ungepoteza nini.

Mlango wa bidhaa: hapa ndipo lori linapokwama

Kosa kubwa la wengi ni kudhani kwamba mpaka ulio wazi kwa watu uko wazi kwa mizigo. Hauko. Mwaka 2023 forodha ya Nepal ilianza kusimamia kwa ukali kanuni kwamba bidhaa yoyote iliyonunuliwa India yenye thamani inayozidi rupia 100 za Nepal ilipiwe ushuru. Hizo ni kama rupia 62 za India, bei ya sabuni na sukari kidogo. Mama yule wa baiskeli anapita bila kuulizwa yeye ni nani, lakini kapu lake linaweza kufunguliwa. Miji ya mpakani iliandamana, kwa sababu kwa familia nyingi za Terai soko la karibu liko ng'ambo.

Kwa mizigo mikubwa, mkataba wa biashara uliorekebishwa 2009 ndio unaotawala. Mazao ya shamba huvuka pande zote bila ushuru wa msingi wa forodha. Bidhaa za viwanda vya Nepal huingia India bila ushuru, isipokuwa chache kama sigara na pombe, na nyingine nne zenye kikomo cha kila mwaka: mafuta ya mgando tani 100,000, nyuzi za akriliki tani 10,000, bidhaa za shaba tani 10,000 na oksidi ya zinki tani 2,500. Bidhaa za viwanda vya India zinapoingia Nepal hulipa ushuru, kwa punguzo dogo.

Kwenye karatasi Nepal imependelewa. Sharti liko kwenye cheti cha asili, waraka unaothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa Nepal kwelikweli. Chukua kiwanda cha sabuni. Bei ya mche mmoja ikitoka kiwandani ni rupia 100. Malighafi zilizotoka nje ya India na Nepal hazitakiwi kuzidi rupia 70, na 30 zinazobaki lazima zitokane na malighafi au kazi ya India au Nepal. Zaidi ya hilo, bidhaa iliyomalizika lazima iangukie kundi tofauti la forodha na malighafi zake, kwa tarakimu nne za mwanzo. Kununua sabuni kubwa ya China ukaikata vipande na kuifunga karatasi mpya hakutoshi: ni sabuni iliingia, na ni sabuni imetoka.

Kwa nini India inabana hivyo? Jibu liko kwenye mafuta ya kula. Nepal haina mashamba ya michikichi, lakini kuna miaka ambayo mafuta ya mawese na ya soya yamekuwa kinara wa bidhaa inazouza nje. Siri yake ni tofauti ya ushuru. India inapopandisha ushuru wa mafuta yanayotoka Indonesia, Malaysia au Argentina, kiwanda cha Nepal huagiza mafuta ghafi kwa ushuru mdogo, huyasafisha, kisha huyavusha kwenda India chini ya SAFTA, mkataba wa biashara huru wa Asia Kusini unaozipa nchi maskini zaidi za kanda ushuru sifuri. Faida ya kiwanda inakaa kwenye pengo hilo, wala si kwenye mbegu. Pengo likizibwa, biashara inakufa kwa wiki chache. Januari 2020 India iliweka mawese yaliyosafishwa kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali maalumu, na mauzo ya Nepal yakaporomoka. Septemba 2024 ikapandisha ushuru wa mafuta ya kula, na viwanda vya Nepal vikafufuka, safari hii kwa soya. Mei 2025 ikapunguza ushuru wa mafuta ghafi, na pengo likabadilika tena. Anayesoma takwimu za mauzo ya Nepal na kushangilia kwamba yamepanda, aangalie kwanza ushuru wa Delhi mwezi huo.

Mkulima halisi yuko kwingine. Yuko Ilam, mashariki mwa Nepal, anachuma chai na kuvuna tangawizi na iliki. Tangawizi yake huvuka Kakarbhitta kwenda Panitanki, ng'ambo ya mto Mechi, bila ushuru. Lakini sampuli inaweza kutakiwa maabara kupima magonjwa ya mimea au mabaki ya dawa, na chai imewahi kulazimika kusubiri majibu kutoka Kolkata. Chai kwenye gunia inaweza kusubiri. Tangawizi mbichi kwenye lori, juani, inatoa jasho, inaota ukungu, na mnunuzi anashusha bei kila siku inayopita. Hakuna mkataba uliovunjwa, hakuna ushuru ulioongezwa, na mkulima amekula hasara. Ukisikia wataalamu wanazungumzia vikwazo visivyo vya ushuru, picha yake ni hiyo.

Kontena moja kutoka Kolkata

Turudi kwa mwagizaji wa matairi. Meli ikishusha kontena Kolkata au Haldia, forodha ya India haimtozi ushuru, bali inataka uhakika kwamba matairi hayatauzwa njiani. Zamani uhakika huo ulikuwa tamko la transiti lenye nakala nyingi, bima ya kufidia ushuru wa India endapo mzigo ungepotea, na wakala wa kukimbiza mihuri. Namba ya lakiri ikiandikwa vibaya kwa tarakimu moja, kontena lilibaki hadi isahihishwe, na kila siku ya ziada kampuni ya meli ilihesabu fidia ya kontena lake.

Tangu 2019 kufuli ya kielektroniki imepunguza adha hiyo. Kontena hufungwa bandarini kwa kufuli inayotoa ishara ya mahali lilipo, hupakiwa kwenye behewa, na hufunguliwa kwenye bandari kavu ya Sirsiya, Birgunj, ambako ndiko mwenye mzigo hulipa ushuru wa Nepal. Madereva wa Mombasa na Malaba wanaijua kufuli ya namna hiyo. Kinachobaki kuwa mwiba ni safari ya kurudi. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, lazima lirudi Kolkata, na kwa kuwa Nepal huagiza kingi na kuuza kidogo, makontena mengi hurudi matupu. Nauli ya utupu huo inaishia kwenye bei ya matairi dukani.

Sasa ule ugomvi. Kwa miaka mingi biashara na transiti viliandikwa kwenye mkataba mmoja. Nepal ilidai vitenganishwe: biashara ni hiari, mnaweza kugombana bei, lakini njia ya baharini ni haki. Mwaka 1978 vikatenganishwa. Mikataba ilipoisha muda Machi 1989, India ikataka virudi pamoja. Wakati huo ilikuwa imekasirishwa pia na Nepal kununua silaha kutoka China. Mikataba ikaachwa ife, na vituo vya mpakani vikafungwa vyote isipokuwa viwili. Hali ilidumu zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1991 mikataba miwili tofauti ikatiwa saini, na hadi leo imebaki miwili. Ule wa transiti ulipotiwa saini upya Juni 2023, njia za maji za ndani ya India ziliongezwa.

2015: mpaka uliofungwa bila kufungwa

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliua karibu watu 9,000 Nepal. Miezi mitano baadaye, tarehe 20 Septemba, nchi ikatangaza katiba mpya. Watu wa Terai, hasa Wamadhesi, waliipinga: mipaka ya majimbo iliwagawa, na masharti ya uraia yaliwabana walioolewa ng'ambo na watoto wao. Makumi ya watu walikuwa wameshauawa katika maandamano. India, iliyokuwa imemtuma katibu mkuu wake wa mambo ya nje, S. Jaishankar, kwenda Kathmandu siku mbili kabla ili kushauri isiharakishwe, haikuipongeza katiba hiyo. Ilisema tu kwamba imeiona.

Siku chache baadaye malori yakaacha kuvuka. Waandamanaji walikaa kwenye daraja la Raxaul na Birgunj, njia inayobeba sehemu kubwa kuliko zote ya mizigo. India ilisema, na inasema hadi leo, kwamba haikuweka kizuizi chochote: madereva waliogopa usalama wao upande wa Nepal. Nepal ilijibu kwamba hata vituo visivyokuwa na maandamano vilipunguza mwendo, na matangi yake yaliyokwenda kujaza mafuta India yalirudi matupu.

Nani mkweli? Waandamanaji walikuwepo, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Lakini mzigo ukizuiwa kituo kimoja na ukashindwa pia kupita vituo vingine visivyo na mwandamanaji, maelezo ya usalama peke yake hayatoshi. Kufunga njia ya jirani wa kiwanja cha nyuma hakuhitaji amri ya maandishi. Inatosha ofisa mmoja kukagua polepole, ghala la mafuta kujaza matangi machache, na karatasi kusubiri saini hadi kesho. Wakati wote huo mlango wa watu ulikuwa wazi. Watu walivuka kwa miguu na baiskeli, na petroli ya magendo ikavuka nao kwenye madumu.

Mlangoni pa nyumba ya Kathmandu hali ilikuwa hivi: shirika la mafuta la serikali hununua bidhaa zake kutoka shirika moja tu, Indian Oil. Mtungi wa gesi wa kilo 14.2 ukaanza kugawiwa ukiwa nusu, kilo 7.1, ili kila mtu apate kidogo. Mikahawa ikapika kwa kuni. Abiria wakapanda juu ya mabasi. Hospitali zikapungukiwa dawa, na familia zilizobomolewa nyumba na tetemeko zikaingia majira ya baridi milimani kabla mabati na mablanketi hayajafika. Njia ilifunguka mwanzoni mwa Februari 2016, baada ya zaidi ya miezi minne.

Si wahamie China?

Walijaribu. China ilitoa tani 1,000 za petroli kama msaada, nayo ilikuwa ishara zaidi kuliko suluhisho. Machi 2016 waziri mkuu K. P. Oli alikwenda Beijing akatia saini mkataba wa transiti, na itifaki yake ya 2019 ikaifungulia Nepal bandari nne za China: Tianjin, Shenzhen, Lianyungang na Zhanjiang. Kwa mara ya kwanza Kolkata haikuwa peke yake kwenye karatasi.

Lakini Tianjin iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Nepal, dhidi ya 700 za Kolkata. Barabara zinapita kwenye maporomoko. Kituo cha Tatopani kiliharibiwa na tetemeko lile la 2015 na kikachukua miaka kufunguliwa tena, na msimu wa mvua hukata njia mara kwa mara. Mzigo mzito wa bei ndogo, kama saruji au mafuta, hauwezi kulipa nauli hiyo. Bidhaa za China zenyewe, nguo, viatu na vifaa vya umeme, huvuka milima ikiwa barabara ipo. Ila mtu anayesema Nepal ichague China badala ya India anasahau kwamba jabali la nyuma ya kiwanja halihamishwi kwa saini.

Na wakati Kathmandu inazungumza kuhusu China, uhusiano na India uliongezeka unene. Septemba 2019 lilizinduliwa bomba la mafuta la kilomita 69 kutoka Motihari, India, hadi Amlekhgunj, Nepal, la kwanza kuvuka mpaka katika Asia Kusini, lenye uwezo wa tani milioni mbili kwa mwaka. Mwandamanaji hawezi kukaa juu ya bomba. Lakini koki iko Motihari.

Mlango wa fedha

Tangu 1993, rupia moja ya India ni rupia 1.6 za Nepal. Ukiwa na 100 za India unahesabu 160, leo na kesho. Kwa muuza duka wa Birgunj ni raha tupu. Kwa benki kuu ya Nepal ni wajibu mzito: lazima iwe na rupia za India za kutosha kila siku, na kwa kuwa nchi hununua India zaidi ya inavyouza, hulazimika kuuza dola ili izipate.

Dola hizo hutoka kwa Wanepali walioko Qatar, Saudia, Falme za Kiarabu na Malaysia. Waswahili walioko Ghuba wamefanya nao kazi kwenye ujenzi na ulinzi. Fedha wanazotuma nyumbani ni takriban robo ya pato la taifa lao. Riyali inageuka dola, dola inageuka rupia ya India, rupia inalipia dizeli. Hapo ndipo nakisi ya biashara ieleweke sawasawa. Kununua kuliko kuuza si kuibiwa. Una nakisi na duka la mtaani kwako kila mwezi, na hakuna aliyekudhulumu. Hatari iko kwenye chanzo cha malipo. Mwaka 2022 akiba ya fedha za kigeni ilipopungua, Nepal ilipiga marufuku kwa miezi kadhaa uagizaji wa magari, pombe na simu za bei ghali, na si India iliyoisukuma.

Mlango wa ramani

Mkataba wa Sugauli ulisema mto Kali ndio mpaka wa magharibi wa Nepal. Haukuonyesha mto huo unaanzia wapi. Nepal inasema chemchemi yake ni Limpiyadhura. India inasema ni karibu na Kalapani, upande wa mashariki zaidi. Kati ya majibu hayo mawili kuna takriban kilomita za mraba 335 za milima, na njia ya Lipulekh inayoelekea Tibet. Majeshi ya India yako Kalapani tangu enzi za vita vyake na China vya 1962.

Mei 2020 India ilizindua barabara ya kwenda Lipulekh. Mwezi huo huo Nepal ikachapisha ramani yenye eneo hilo, na Juni bunge likaiingiza kwenye katiba bila kura ya kupinga. Agosti 2025 India na China zikakubaliana kufungua tena biashara kupitia Lipulekh, na Nepal ikapinga kwamba majirani wawili wanafanya soko kwenye ardhi yake. Malori ya Birgunj hayakusimama kwa sababu hiyo. Mlango wa ramani hupiga kelele kubwa kuliko yote, lakini ndio unaogusa mizigo kwa nadra zaidi.

Umeme

Nchi ambayo mwaka 2016 ilikuwa ikikatiwa umeme saa nyingi kwa siku, leo huuza umeme msimu wa mvua mito inapojaa. Novemba 2021 India iliiruhusu Nepal kuuza megawati 39 kwenye soko lake, kutoka Trishuli na Devighat, mitambo iliyojengwa kwa msaada wa India yenyewe. Huo haukuwa uteuzi wa bahati. India hununua kutoka mtambo mmoja mmoja uliopewa kibali, na haitaki wenye mkono wa China, awe mwekezaji au mkandarasi. Kwa hiyo mjenzi wa bwawa huko Nepal hana budi kujiuliza, kabla ya kumwaga zege la kwanza, ni nani anayemchimbia handaki, maana jibu litaamua kama umeme wake una mnunuzi.

Januari 2024 nchi hizo zilikubaliana India inunue hadi megawati 10,000 ndani ya miaka kumi. Kisha Oktoba mwaka huo Bangladesh ikaingia: megawati 40 za Nepal, kwa senti 6.4 za Marekani kwa uniti, katika miezi mitano ya mvua kila mwaka. Nepal na Bangladesh hazipakani. Umeme unapita kwenye nyaya za India, kampuni ya serikali ya India ni mshirika wa tatu kwenye mkataba, na mita inasomwa Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar. Tarehe 15 Novemba 2024 uliwashwa kwa siku moja tu, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha, ukaendelea Juni 2025. Ni transiti ile ile ya matairi, ila safari hii mzigo unatoka Nepal kwenda kwa mnunuzi, na geti bado ni la jirani.